Maswali na Majibu: Laptopu Ina Intaneti ya Waya, Simu Haiipati

Maswali ya toleo hili yote yanazunguka jambo moja. Laptopu imechomekwa waya wa mtandao na inafungua kurasa bila shida, lakini simu inayotakiwa kupokea intaneti hiyo kwa waifai inagoma. Hata kama tatizo lako limeulizwa chini, soma jibu la kwanza kabla ya kugusa chochote.

Swali: Natumia Windows 10. Nimewasha hotispoti, simu inajiunga, alama ya waifai inatokea, kisha inaandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti". Laptopu yenyewe iko sawa. Nimebadilisha nywila, nimezima na kuwasha mara nyingi. Nianzie wapi?

Jibu: Achana na nywila. Simu ikishajiunga, nywila imemaliza kazi yake.

Laptopu inayogawa intaneti inabeba kazi tatu za rauta. Kwanza inarusha mawimbi ya waifai. Pili inaipa kila simu anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Tatu inapokea maombi ya simu, inayatoa nje kupitia waya kwa anwani yake yenyewe, kisha inarudisha jibu kwa simu iliyoomba. Ndani ya kazi hiyo ya tatu imo pia ya kutafuta namba iliyo nyuma ya kila jina la tovuti, yaani DNS. Kila kazi inaweza kufa peke yake huku nyingine zikiendelea. Ujumbe wa simu yako unakwambia kazi ya kwanza ni nzima. Kuhusu mbili zilizobaki haujasema lolote, na wengi huharibu hapa kwa kuanza kufuta draiva za waifai (programu zinazoiendesha kadi) ambazo hazina kosa.

Fungua mipangilio ya waifai kwenye simu, gusa jina la mtandao wa laptopu, utazame anwani ya IP. Tangu Windows 7, laptopu inayogawa hujipa 192.168.137.1 na kuzipa simu namba zinazoanza na 192.168.137. Ukiona namba ya aina hiyo, kazi ya pili imefanyika. Ukiona inayoanza na 169.254, simu ilikosa wa kuipa anwani ikajitungia yake. Hapo nenda moja kwa moja kwenye swali linalofuata.

Tuseme anwani ni sahihi. Weka kwenye simu programu yoyote ndogo ya kupima mtandao yenye amri ya ping, inayotuma ombi dogo na kusubiri jibu. Zima data ya simu, la sivyo majibu yatapitia laini na kukudanganya. Kisha ipige 192.168.137.1, halafu 8.8.8.8 (seva ya DNS ya Google, iliyo nje kwenye intaneti), halafu jina la tovuti yoyote. Mara nyingi hatua inayoshindwa kwanza ndiyo yenye ugonjwa, ingawa ukuta wa moto wa Windows unaweza kuizuia ping ya kwanza hata kama laptopu ni nzima.

Laptopu ikijibu lakini 8.8.8.8 ikawa kimya, maombi yanafika kwenye laptopu na kukwama humo. Rudi kwenye ukurasa wa "Mobile hotspot" katika mipangilio ya Windows. Penye "Share my internet connection from" pawe Ethernet. Ikiwa pamechaguliwa muunganisho mwingine ambao hauna intaneti, hiyo ndiyo sababu. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, uingie. Utaona kadi zote za mtandao. Bofya kila moja kwa kitufe cha kulia, ingia "Properties", kisha kichupo cha "Sharing". Windows inaruhusu muunganisho mmoja tu kugawiwa kwa wakati mmoja, na tiki ya zamani iliyosahaulika kwenye kadi nyingine inatosha kuivuruga hotispoti mpya. Ondoa tiki zote, zima hotispoti, washa laptopu upya, kisha washa hotispoti peke yake.

Isipotosha, rudi ncpa.cpl hotispoti ikiwa imewaka. Tafuta kadi iliyoandikwa "Microsoft Wi-Fi Direct Virtual Adapter". Jina lake huwa "Local Area Connection" lenye nyota na namba. Ingia kwenye Ethernet, kichupo cha "Sharing", weka tiki ya kwanza na uichague kadi hiyo ya "Local Area Connection" kuwa mpokeaji. Hii ni njia ya mkono, nayo tunaiweka ya pili kwa makusudi: ukiitumia kabla ya kusafisha tiki za zamani, unaongeza fundo juu ya fundo.

Ikiwa 8.8.8.8 inajibu na jina halijibu, kilichokufa ni DNS. Kwenye Android, kuanzia toleo la 9 la mwaka 2018, kuna mpangilio wa DNS ya faragha. Uzime kwanza ujaribu, maana mitandao mingine huifunga njia inayotumiwa na DNS hiyo. Hali isipobadilika, ubadili mtandao huo kwenye simu uwe wa anwani ya kuandika mwenyewe: IP 192.168.137.50, urefu wa kiambishi 24, lango 192.168.137.1, DNS 8.8.8.8. Kurasa zikifunguka, ujue laptopu inapitisha data vizuri na inashindwa tu kujibu majina. Mara nyingi kuna programu nyingine humo iliyokalia mlango wa 53, ambao ndio wa DNS. Kwenye dirisha la amri andika netstat -ano | findstr :53. Namba ya mwisho wa mstari ni kitambulisho cha programu husika, utaioanisha na orodha ya Task Manager.

Na ikiwa laptopu inatumia VPN (programu inayopitisha data kwenye njia ya siri hadi seva nyingine), izime kabla ya majaribio haya yote. VPN nyingi hufunga data yoyote isiyopita ndani yake, na data ya simu huingia kwenye kundi hilo. Ukitaka simu nayo ipite ndani ya VPN, kinachogawiwa kwenye kichupo cha "Sharing" ni kadi ya VPN badala ya Ethernet.

Swali: Yangu haifiki huko. Inabaki kwenye "Inapata anwani ya IP" hadi inachoka na kukata.

Jibu: Simu inaomba anwani, anayepaswa kujibu hasikii au amezibwa mdomo. Maombi hayo huingia kwenye laptopu kupitia mlango wa UDP namba 67. Kizuizi cha kawaida ni programu ya kingavirusi iliyokuja na ukuta wake wa moto: inauona mtandao wa hotispoti kama mtandao wa wageni na kuufungia. Zima ukuta huo kwa dakika mbili, jaribu, uuwashe tena. Ukithibitisha ndio uliozuia, ingia kwenye mipangilio yake na uutangaze mtandao wa 192.168.137.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.137, kuwa wa kuaminika. Usiuache umezimwa ili mradi simu ifanye kazi.

Kama si huo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R na uandike services.msc. "Internet Connection Sharing (ICS)", huduma ya Windows inayogawa intaneti, iwe inafanya kazi. Iwapo inagoma kuanza, angalia "Base Filtering Engine", kwa sababu ICS inaitegemea. Watu hufuata ushauri wa "kuifanya kompyuta iwe nyepesi" wakazima huduma kwa wingi, na hii huwa mojawapo.

Jaribio la haraka la kutenga tatizo ni ile anwani ya kuandika mwenyewe tuliyoitaja juu. Ikifanya kazi, kinachokosekana ni mgawaji wa anwani tu, na njia nzima iliyobaki ni salama.

Kuna hali moja inayowapotosha hata mafundi. Kwenye dirisha la amri andika ipconfig uone Ethernet imepewa anwani gani. Ikiwa nayo inaanza na 192.168.137, basi waya wako unatoka kwenye kompyuta nyingine ya Windows inayogawa intaneti kama wewe. Laptopu ina mtandao uleule pande mbili na haijui data iielekeze wapi. Badilisha namba upande mmoja. Kwenye rejista ya Windows (ghala la mipangilio yake, hufunguliwa kwa regedit), chini ya HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\SharedAccess\Parameters, zimo ScopeAddress na ScopeAddressBackup. Ziandike zote 192.168.150.1, kisha washa upya. Hifadhi nakala ya rejista kwanza.

Swali: Nimefuata maelekezo ya zamani ya kuwasha hotispoti kwa netsh, amri ya mtandao ya Windows. Amri ya kuanzisha inajibu "The hosted network couldn't be started". Je, kadi yangu imeharibika?

Jibu: Haijaharibika. Njia hiyo ilikuja na Windows 7 mwaka 2009, na amri zake ni hizi, ndani ya dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi:

netsh wlan set hostednetwork mode=allow ssid=JinaLako key=nywilayako
netsh wlan start hostednetwork

Kabla ya kuzirudia, andika netsh wlan show drivers na utafute mstari wa "Hosted network supported". Mstari huo ukisema "Yes", fungua Device Manager, kwenye menyu ya "View" ruhusu vilivyofichwa vionekane, na hakikisha "Microsoft Hosted Network Virtual Adapter" haijazimwa. Nywila nayo iwe na herufi 8 hadi 63. Pungufu ya hapo amri hukataliwa.

Mstari ukisema "No", acha kupambana. Draiva nyingi mpya zimeiondoa njia hiyo na kuweka Wi-Fi Direct mahali pake, ambayo ndiyo inayotumiwa na "Mobile hotspot". Kitufe hicho kipo kwenye Windows 10 tangu toleo la 1607 la mwaka 2016, na kinapokea hadi vifaa 8. Hakuna amri itakayoibadilisha "No" kuwa "Yes", na kupakua draiva za tovuti zisizojulikana ukitafuta miujiza ni kuikaribisha virusi ndani. Pakua kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu tu.

Swali: Simu yangu haioni jina la hotispoti kabisa, ya mwenzangu inaliona. Laptopu ni ileile.

Jibu: Yaelekea hotispoti inarusha kwenye gigahezi 5 na simu yako inasikia 2.4 peke yake. Ingia "Mobile hotspot", bonyeza "Edit", penye "Network band" chagua 2.4 GHz.

Chaguo la gigahezi 2.4 likikataa au likikosa athari, angalia kama laptopu yenyewe imejiunga na waifai nyingine huku waya nao umechomekwa. Kadi nyingi za laptopu zina redio moja. Hotispoti hulazimika kufuata chaneli ya ile waifai nyingine, hata kama ni chaneli ambayo simu haiipokei. Kata muunganisho huo. Lakini kata muunganisho tu, usizime waifai yenyewe. Kosa hili tunaliona mara kwa mara: mtu anawaza kwamba kwa kuwa anatumia waya, waifai haina kazi, anaizima au anawasha hali ya ndegeni, halafu anashangaa hotispoti haiwaki. Redio hiyohiyo ndiyo inayoihudumia simu.

Na kama laptopu ni mpya na simu ni ya zamani sana, angalia pia jina la mtandao. Liandike kwa herufi za kawaida bila alama za pekee wala emoji.

Swali: Intaneti yangu ya waya inahitaji kubofya "Connect" na kuweka jina na nywila kila siku. Hotispoti inasema kompyuta haina muunganisho wowote. Nilipolazimisha kwa njia nyingine, ujumbe mfupi unapita lakini picha na baadhi ya tovuti hazifunguki.

Jibu: Hapo una matatizo mawili yaliyozaliwa na kitu kimoja, PPPoE, yaani njia ya kuingia kwenye intaneti ya waya kwa jina na nywila. Muunganisho wa kupiga na kuingia kwa jina mara nyingi hauonekani kwenye orodha ya "Mobile hotspot", kwa hiyo Windows inaamini hakuna cha kugawa.

Kuhusu picha zinazokwama: pakiti ya kawaida ya Ethernet hubeba baiti 1500, lakini PPPoE inachukua 8 kwa ajili ya kichwa chake, zinabaki 1492. Ujumbe mfupi hutoshea. Picha hujaza pakiti nzima, pakiti inakuwa kubwa kuliko njia, na kama taarifa ya "punguza ukubwa" imezuiwa mahali fulani njiani, pakiti inapotea kimya kimya. Unaona ukurasa unazunguka bila kosa lolote kuandikwa. Lipime kwenye laptopu:

ping -f -l 1472 8.8.8.8

Namba 1472 pamoja na vichwa vya baiti 28 ni 1500 kamili. Ikikataa kwa kusema pakiti inahitaji kugawanywa, shusha hadi 1464. Hiyo ikipita, una 1492, na PPPoE imethibitika.

Dawa yetu ni kuhamishia jina na nywila ya PPPoE kwenye rauta au modemu, si kwenye laptopu. Rauta hupunguza ukubwa wa pakiti kwa ajili ya vifaa vyote vilivyo nyuma yake, na laptopu itaona Ethernet ya kawaida ambayo "Mobile hotspot" inaielewa. Kuna njia za kulazimisha kwenye laptopu, ila hukatika kila laini inapojirudisha upya, na hatuoni sababu ya kukuchosha nazo.

Swali: Inafanya kazi, lakini inajizima nikiacha simu kidogo. Na nikiwasha laptopu asubuhi lazima nirudie kila kitu.

Jibu: Kwenye ukurasa wa hotispoti kuna swichi ya "Power saving" inayoizima wakati hakuna kifaa kilichojiunga. Simu ikilala na kukata waifai, laptopu inahesabu kwamba hakuna mtu. Izime swichi hiyo. Laptopu yenyewe nayo isilale: ikilala, hotispoti inakufa pamoja nayo, kwa hiyo badilisha kinachotokea unapofunga kifuniko.

Anayetumia njia ya mkono ya kichupo cha "Sharing" ana tatizo jingine. Baada ya kuwasha upya, tiki inaonekana ipo lakini data haipiti. Weka huduma ya ICS ianze yenyewe, "Automatic", kisha kwenye rejista, chini ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\SharedAccess, tengeneza thamani ya aina ya DWORD iitwayo EnableRebootPersistConnection yenye thamani 1.

Swali: Kasi kwenye laptopu ni nzuri, kwenye simu ni robo yake.

Jibu: Ukiwa kwenye 2.4 na simu inaweza 5, hamia 5. Antena za laptopu ni ndogo, na 2.4 imejaa majirani na Bluetooth. Kisha tazama waya wako unaingia wapi. Kama unatumia adapta ya USB 3.0 kwenda Ethernet, vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika eneo lilelile la gigahezi 2.4. Hamishia adapta kwenye tundu la upande mwingine au itumie kwa kebo fupi ya kurefusha, upime tena. Mara nyingine tofauti inaonekana papo hapo.

Ikiwa laptopu nayo haipiti megabiti 100 kwa sekunde ingawa laini ni ya gigabiti, shuku kebo: megabiti 100 hutumia jozi mbili za nyaya, gigabiti hutaka zote nne, na jozi moja iliyokatika hushusha kasi bila kukata mtandao.

Swali: Na sisi wa Mac na Linux?

Jibu: Kwenye Mac, zima kwanza "Internet Sharing" ndipo ubadilishe chochote, kwa sababu machaguo hufungwa ikiwa imewaka. Chagua kugawa kutoka Ethernet kwenda Wi-Fi, weka nywila, washa. Simu zitapata anwani zinazoanza na 192.168.2. Mac hukataa kugawa muunganisho unaoingia kwa 802.1X, yaani unaothibitisha mtumiaji kabla ya kumruhusu, kama wa ofisi na vyuo vingi. Hapo zungumza na msimamizi wa mtandao. Kukataa huko ni kwa makusudi.

Kwenye Linux yenye NetworkManager:

nmcli device wifi hotspot ifname wlan0 ssid JinaLako password nywilayako

Badilisha wlan0 kwa jina la kadi yako. Anwani huanza na 10.42.0, na mgawaji wake ni dnsmasq, kwa hiyo iwepo. Ikigoma, angalia kwa amri ya iw list kama AP (hali ya kurusha waifai) imetajwa kwenye "Supported interface modes". Simu ikikosa anwani, kawaida ni ufw, ukuta wa moto wa Linux: sudo ufw allow in on wlan0. Ikipata anwani na kukosa intaneti, ongeza sudo ufw route allow in on wlan0, na kama umeweka Docker, ujue yenyewe hufunga upitishaji wa data kati ya kadi kwenye iptables.

Swali: Kwa nini nisichomeke tu rauta ndogo kwenye ule waya?

Jibu: Ukiweza, fanya hivyo. Laptopu kama rauta inafaa kwa siku chache au safarini, haifai kuachwa usiku kucha miezi sita. Waya ukikataa rauta huku laptopu ikikubaliwa, huenda mtandao umesajili anwani ya MAC ya kadi ya laptopu, yaani namba ya utambulisho ya kadi hiyo. Rauta nyingi zina sehemu ya kunakili anwani hiyo. Itumie ikiwa mwenye mtandao ameruhusu, na laptopu isichomekwe tena kwenye waya uleule wakati rauta ipo.

Kama mhitaji ni simu moja tu, hata rauta haihitajiki. Adapta ya USB-C kwenda Ethernet inatosha kwa simu nyingi za Android na kwa iPhone zenye tundu hilo. Chomeka, zima waifai na data, usubiri sekunde chache hadi alama ya Ethernet itokee juu ya kioo, au kwa iPhone hadi neno Ethernet litokee kwenye Settings. Isipotokea, jaribu adapta yenye tundu la chaji, kwani baadhi ya simu hazitoi umeme wa kutosha kuiendesha.